Sweta Lisilo na Shingo

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kufuma masweta lilikuwa kuwapima watoto.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo ambayo nyumbani hatukuyazungumza. Kufuma nilijifunza mwenyewe, kwa kutazama video kwenye simu na kwa kufumua sweta moja la mtumba pole pole, safu baada ya safu, mpaka nikaelewa lilikoanzia. Mashine tuliipata kwa kikundi cha akina mama kilichokuwa kimesambaratika. Ilikuwa stoo, imeota kutu, panya wamezalia ndani ya kasha lake. Niliisafisha sindano moja moja kwa mafuta ya taa na mswaki wangu wa meno. Tulikubaliana kwamba mimi nifume, Mama auze. Tulikuwa na meza sokoni Makambako, na wiki ambayo shule zilikuwa karibu kufunguliwa nilishika futi ya ushonaji, nikapita kwa majirani nikiwapima watoto wao: kifua, mabega, urefu wa mkono. Nikafuma masweta ya shule yaliyowakaa kama ngozi. Nilijiona fundi.

Mtu yeyote wa mkoa huu angenionya, kama ningemuuliza. Kwetu mzazi hamnunulii sweta mtoto aliye naye. Anamnunulia mtoto atakayekuwa naye. Wa darasa la kwanza anavaa sweta linalomfika magotini, mikono imekunjwa mara mbili, na kila Januari anafunguliwa mkunjo kidogo. Likianza kumtosha, viwiko vimeshatoboka, na mdogo wake analisubiri. Mimi mwenyewe nilivaa hivyo shule ya msingi yote. Lakini wale watu wa kwenye video walikuwa wakipima, nami niliwaamini wao kuliko mwili wangu.

Mteja wa kwanza alilishika sweta, akalinyoosha kwenye mgongo wa mwanawe.

"Hili mbona limeshamfika?"

"Ndiyo, limemkaa," nikasema kwa fahari.

"Ndicho ninachokuuliza. Limeshamfika. Mwezi wa sita atavaa nini?"

Mama alikuwa amekaa nyuma ya meza anachambua mchele. Akaweka ungo chini.

"Mjibu mteja. Mwezi wa sita atavaa nini?"

Nikaanza kuikunja futi upya.

"Labda anawajua watoto wasiokua," Mama akamwambia yule mwanamke. "Tunamsubiri atuletee hao, tuwauzie."

Kisha akachukua sweta, akaligeuza ndani nje, akaung'ata uzi wa mshono begani, akaachanisha vipande. Akaitafuta ncha ya juu. Akavuta. Sijui kama umewahi kuona sweta likifumuliwa. Halichaniki, linaondoka safu kwa safu, kwa mlio mdogo kama wa mtu anayekuna kichwa, na uzi unatoka ukiwa umejikunjakunja kama bado unakumbuka ulipokuwa. Alipomaliza la kwanza akachukua la pili. Mimi alinipa ncha nizungushe uzi kati ya kiganja na kiwiko. Asubuhi nzima tulikaa hivyo mbele ya meza, na kila aliyepita akauliza kuna nini, Mama alimweleza.

Rafiki yake wa meza ya pembeni, mama muuza viazi, alishindwa kuvumilia.

"Lakini si ungeyafumulia nyumbani, mama?"

"Nyumbani hakuna watu," Mama akajibu.

Nasema mapema kwamba nilimpenda, kwa sababu haya ninayoandika yatamfanya msomaji adhani vinginevyo. Nilimpenda kama mtu anavyoupenda ukuta alioegemea tangu utotoni: ulikuwa mgumu, na haukuanguka. Mikono yake ilikuwa kama gunzi. Hakuwahi kunibembeleza nikiwa na akili ya kukumbuka. Alinilea peke yake, mtoto wa kiume, na habari za baba yangu alizimaliza kwa sentensi chache ambazo alizirudia bila kubadilisha neno. "Baba yako alikwenda Ludewa kutafuta mahindi, akapata mke. Mahindi yenyewe yalifika. Nisimsingizie."

Alizaliwa Lupembe, kwenye chai. Akiwa msichana alichuma na dada zake, wakapeleka majani barabarani kusubiri lori la kiwanda. Lori likichelewa, majani yalipata joto ndani ya gunia, yakaanza kubadilika rangi, na mpimaji aliyakataa hata kama yalichumwa vizuri kiasi gani. Alinisimulia hilo mara nyingi, hasa nilipokuwa nimekaa na kazi ya mteja siku nne zaidi ya ahadi kwa sababu ya safu moja iliyobana. Nilimsikiliza kama unavyosikiliza redio ya jirani.

Maana baada ya ile Januari nilikuwa nimeshaharibika. Nilijifunza kufuma makubwa, ndiyo, lakini nilijifunza na jambo jingine: kwamba kila sweta litageuzwa ndani nje. Kwa hiyo niligeuza mimi kwanza. Nililishika mbele ya dirisha nitafute mwanga unakopenya. Nilihesabu vitanzi, nikahesabu tena kwa kuanzia upande wa pili, kana kwamba vingeweza kuhama. Niliosha mikono kabla ya kugusa uzi mweupe, nikaikausha, nikaona bado ina unyevu, nikaikausha tena. Mama alipita mlangoni akanitazama.

"Wewe unafuma kama mtu anayesubiri kupigwa."

Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa nasubiri kweli. Nikafuma.

Aliendelea kufumua. Si yote; yaliyokuwa salama aliyaweka mezani bila neno, na hilo ndilo lililokuwa cheti changu. Lakini sweta nililomfumia yeye mwenyewe, na nilijaribu mara kadhaa, hakuna hata moja lililopona. Moja alisema mkono wa kushoto umekaa kama wa mtu aliyevunjika. Jingine alilivaa mpaka kanisani, nikaanza kufurahi, na aliporudi akaketi kwenye ngazi, akalivua na kulifumua akiwa bado na Biblia mapajani. Akasema shingo ilimfanya asisikie mahubiri.

Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka duniani, na naona aibu jinsi kilivyo kidogo: Mama avae sweta langu na lisifumuliwe.

Akaanza kuumwa tumbo. Alilificha mpaka lilipokataa kufichwa. Hospitali ya Njombe walituambia ni uvimbe, umeenea, na kwamba tukae naye nyumbani, tufuate tu dawa za maumivu. Daktari alizungumza taratibu, akinitazama mimi. Mama akamkatiza.

"Baba, mwenye tumbo ni mimi. Huyu ni mshika mkoba."

Ilibidi akae Njombe kwa mdogo wake, mama mdogo wangu, aliyeishi na mumewe karibu na hospitali. Mimi nilirudi Makambako kwenye mashine. Nilisema ni kwa sababu ya oda za shule, na oda zilikuwepo. Lakini pia niliogopa kumtazama. Kila nilipokwenda nilikuta amepungua mahali papya. Kwanza mashavu, halafu shingo, halafu vifundo vya mikono vikawa vikubwa kuliko mikono.

Hata hivyo ulimi wake haukupungua. Mhubiri mmoja aliyekuwa akizungukia wagonjwa mtaani aliingia kumwombea, akamtaka ataje kinachomfunga.

"Kinachonifunga ni hili blanketi," Mama akasema. "Shika huko miguuni, uvute."

Mhubiri akavuta. Alikuwa kijana mwema.

Ilikuwa kipupwe, na kipupwe cha Njombe si mzaha hata kwa mzima. Asubuhi majani yanakuwa meupe kwa barafu na watu wanazungumza wakitoa moshi mdomoni. Mama alilala amejifunga vitenge juu ya gauni, na blanketi juu ya vitenge, na bado meno yake yaligongana. Siku moja akaniita karibu.

"Nifumie sweta."

"La rangi gani?"

"La rangi ya joto."

"Damu ya mzee?"

"Wewe fuma. Ila usiniletee upuuzi. Nikikuta kasoro nafumua. Mikono bado ninayo."

Nilitoa futi mfukoni. Nilikuwa natembea nayo, kama wengine wanavyotembea na rozari. Akainua mikono juu ili nipitishe futi kifuani, na mikono ikaanza kutetemeka kabla sijasoma namba, lakini hakuishusha mpaka niliposema basi. Huyu mwanamke alikuwa akibeba ndoo ya viazi kichwani na nyingine mkononi. Nilikumbatia kifua chake chote na futi ikabaki.

Sweta la kwanza lilikamilika upesi. Nililikunja kwenye mfuko, nikapanda gari kwenda Njombe, na njiani nikaingiza mkono mfukoni kulipapasa. Karibu na kwapa nikagusa mshono uliosokotwa. Kidogo sana. Niligusa tena, na tena, na kila nilipogusa ulizidi kuwa mkubwa. Tulipofika stendi ya Njombe sikwenda kwa mama mdogo. Nilivuka upande wa pili, nikapanda gari la kurudi Makambako. Nikapiga simu nikasema uzi umeniishia.

Nililifumua lote, si kwapa tu, kwa sababu uzi uliorekebishwa huonekana. Nikafuma la pili. Nilipokwenda safari hii niliona niombe kwanza kumpima upya, kwa uhakika, kabla ya kulitoa mfukoni. Mama akainua mikono. Sweta lilikuwa limemzidi vidole vinne kila upande. Alikuwa amepungua nikiwa nafuma.

Fundi mwingine angemvisha hivyo hivyo. Mgonjwa anapwaya, nguo nayo inapwaya, nani angeshangaa? Kwanza, sweta lililopwaya linaingiza vitenge chini yake. Lakini mimi niliona tu vidole vinne. Niliona atakavyoligeuza. Nikasema bado nalimalizia, nikarudi nalo Makambako ndani ya mfuko, nikalifumua.

Nilipokwenda tena mikono mitupu, alinitazama muda mrefu.

"Unafumua mwenyewe sasa?"

Nikamfunika miguu kwa blanketi.

"Basi mimi nitabaki na kazi gani?"

Mama mdogo alicheka, akaenda kuchemsha maji. Huko jikoni aliniita, akanisema kwa sauti ya chini huku akipuliza moto. Mama mdogo si mkali. Ndiyo maana iliuma.

"Mwanangu, dada anasikia baridi. Hasikii kingine. Mpe tu hivyo hivyo."

"Atalifumua, mama."

"Kwa mikono ipi? Jana kikombe kimemshinda."

Niliitikia. Nikaenda Makambako, nikaanza la tatu, dogo, kwa vipimo vya siku ile. Na nilijua ninachofanya, sitadanganya: nililipunguza zaidi ya vipimo. Nilikisia atakavyokuwa nitakapomaliza, ili safari hii limkae sawasawa. Nilimfumia mama yangu ukubwa wa wiki ambayo alikuwa hajaifikia.

Simu ilipigwa nikiwa nimebakiza mkono mmoja na shingo. Mama mdogo alimwekea simu sikioni. Nilimsikia akipumua kwanza.

"Limefika wapi?"

"Bado mkono mmoja na shingo, Mama."

"Lilete hivyo hivyo."

"Halina shingo."

"Shingo ninayo mwenyewe. Lete."

"Nakuja keshokutwa nalo limekamilika. Keshokutwa asubuhi."

Nilisikia jogoo wa jirani wa mama mdogo.

"Haya," akasema. "Kaa nalo."

Mimi nilidhani ananijaribu. Miaka yote nikiwa naye, hakuwahi kupokea kitu ambacho hakijaisha. Nikaona huu ndio mtego wenyewe, kwamba ningepeleka sweta bila shingo, angelinyanyua mbele ya mama mdogo na majirani waliokuja kumjulia hali, akasema tazameni alichomletea mama yake. Nilifikiri ninamfahamu. Nikafuma mkono, nikaanza shingo, nikaona vitanzi viwili vimelegea, nikafumua shingo.

Siku iliyofuata, kabla ya saa sita, mama mdogo akapiga.

"Njoo Njombe, mwanangu. Dada amepumzika."

Nilimuuliza, "Amevaa nini?"

Hilo ndilo swali langu la kwanza. Sikuuliza alisema nini, wala kama aliteseka.

"Koti la baba yako mdogo," akasema. "La mvua. Alilalamika linanuka sigara."

Nikaketi kwenye mashine. Shingo nzima niliimaliza kwa muda usiotosha kuivisha sufuria ya maharage. Sikuhesabu vitanzi. Nilishona vipande, nikakata uzi kwa meno, nikaliweka kwenye mfuko bila kuligeuza. Nililia kidogo, kisha nikaona aibu kwa sababu machozi yalidondokea mashine nami nikayafuta haraka yasilete kutu.

Akina mama wa kanisa ndio walioosha na kuvisha. Niliwapelekea sweta pale mlangoni. Kiongozi wao alilipokea, akalishika, akamtazama mama mdogo.

"Alituachia maneno," akasema. "Asivikwe kitu cha sufu."

"Kwa nini?"

Mama mdogo ndiye aliyejibu. "Alisema nguo ya joto ni ya anayesikia baridi. Akasema ukija na sweta lako, tukurudishie."

Wakanirudishia. Alivikwa sare yake ya umoja wa akina mama, nyeupe, iliyopigwa pasi, ikapigwa pini mgongoni kwa wingi wa kitambaa.

Tulimpeleka kwao Lupembe. Kulikuwa na manyunyu, na udongo mwekundu ulishika viatu mpaka watu wakawa warefu. Mwinjilisti alisoma wasifu wa marehemu ulioandikwa na ndugu, na alipofika mahali paliposema marehemu alikuwa mtu mpole na wa maneno machache, mtu wa kwaya alikohoa, mwingine akakohoa, na kwaya nzima ikainama. Hata mimi niliuma mdomo. Nadhani ndipo mahali pekee siku ile palipokuwa na Mama.

Nikainua macho nikaona jambo ambalo halikunifariji. Kuzunguka kaburi kulikuwa na masweta yangu. Niliyatambua kwa viuno na kwa namna ninavyofunga mabega: watu wa Makambako, watu wa soko, watoto wao waliokuja nao kwenye gari la msiba. Walikuwa wamevaa, wamejikunyata, wana joto. Hakuna aliyekuwa amegeuza ndani nje kuona. Nilikuwa nimewapa joto watu wote wale kwa kuwa hakuna kati yao niliyemwogopa.

Siku ya kumaliza msiba, nguo za marehemu zilitolewa uani zikawekwa juu ya mkeka. Kwetu hugawiwa hapo hapo, kila ndugu aondoke na kitu cha kumvaa marehemu mwilini, nguo zisikae ndani zikaliwa na nondo na maneno. Mama mkubwa, dada yao wa kwanza, ndiye aliyegawa. Vitenge vikaenda, magauni yakaenda, viatu vya kanisani vilimfaa binti mmoja, akavivaa na kukaa navyo. Mwishoni mama mkubwa akafungua mfuko wangu. Sikuwa nimeuweka mimi. Mtu aliuona chumbani akadhani ni wa Mama.

"Hili la nani?"

"La Mama," nikasema. "Nililifuma."

Akalishika kwa mabega, akalinyoosha juu, likaning'inia.

"La dada yangu, hili? Mbona jembamba hivi. Ulimpimia ugonjwa?"

Watu wakacheka. Msiba umeisha, watu wameshalala chini siku nyingi, wana haki ya kucheka. Mama mkubwa akajaribu kuingiza mkono, ukaishia kwenye kiwiko, akashindwa kuutoa, wakamvuta wawili. Akalirusha kwa mama mdogo, naye akalipima juu ya kifua, akatikisa kichwa. Likazunguka. Kila aliyelishika alilinyoosha kidogo, akasema kitu. Mmoja akasema labda avae sufuria. Walicheka mpaka wakafuta machozi kwa ncha za khanga, na baadhi ya machozi yale, nafikiri, hayakuwa ya kicheko tena.

Mama mkubwa akalipapasa kwa vidole.

"Lakini uzi mzuri. Uzi hauna kosa. Fumueni, nitapata soksi za kwendea shamba."

"Fundi mwenyewe yupo," mtu akasema. "Ashike."

Nikashika. Mama mkubwa alivuta, mimi nikazungusha uzi kati ya kiganja na kiwiko. Lilifumuka vizuri sana. Halikukwama popote, hata kwenye mkono wa mwisho, hata shingoni nilipoharakisha. Sweta lenye makosa hukwama. Unakuta fundo, unakuta uzi ulioungwa. Hili lilikwenda mpaka mwisho bila fundo, na hapo kwenye mkeka nikajua kwamba lilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na kwamba mtu ambaye lilimfaa hakuwepo tena kwa ukubwa wowote.

Niliporudi Makambako nilikaa siku kadhaa bila kufungua meza. Kisha nikafungua. Nilikuwa na swali, na mtu wa kumuuliza alikuwa mmoja. Nilisubiri wateja wapungue, nikasogea kwa mama muuza viazi, ambaye alikuwa anapanga mafungu upya, vikubwa juu, vidogo chini.

"Mama, nikuulize. Nilipokuwa sipo hapa, Mama alikuwa anasemaje kuhusu kazi yangu?"

"Unataka nikuambie nini?"

"Alichosema."

Akapanga kiazi kimoja, akakigeuza upande wenye jicho ukae ndani.

"Alisema una mikono ya polepole. Alisema utamuua mtoto wa watu kwa njaa, ukioa."

"Kingine?"

"Alisema unaogopa uzi."

"Hakuwahi kusifu? Hata siku moja, hata sweta moja?"

Akaniangalia kwa huruma, lakini haikuwa huruma ya kudanganya.

"Mwanangu, nimekaa naye meza kwa meza tangu wewe unanyonya. Mimi mwenyewe hakunisifu hata kiazi."

Nilisubiri aongeze. Watu huongeza, husema lakini, husema ila moyoni. Nilibaki nimesimama pale nikisubiri hiyo ila. Akaja mteja akauliza fungu, mama muuza viazi akamgeukia, wakaanza kubishana kuhusu viazi vidogo vilivyokuwa chini, nami nikarudi kwenye meza yangu.

Nimefikiri sana kuhusu ile "Lete." Wapo walioniambia kwamba hatimaye alikuwa amelainika, kwamba alikuwa ananikubali. Sioni hivyo. Alikuwa anasikia baridi. Mwanamke mkali, anayesikia baridi, alimwomba mtu mwenye sweta ampe sweta, na mtu huyo akawa na shughuli ya kutaka kupendwa. Ndivyo ilivyokuwa. Angelivaa, angelisema shingo iko wapi, angepata joto siku moja, na pengine angefumua mkono kwa vidole vile ambavyo kikombe kiliwashinda, akafa akiwa nao nusu. Ningetoa nini leo niukute huo mkono nusu.

Bado nafuma. Mashine ni ile ile, na masweta ya shule nayafanya makubwa, mikono ya kukunja mara mbili. Bado naosha mikono kupita kiasi, na futi bado iko mfukoni. Kilichobadilika ni kimoja. Mteja akija siku niliyomwambia, anaondoka na sweta lake, hata kama lina kasoro ninayoijua mimi. Wengine wameona, wakanisema mbele ya watu. Sifumui tena kitu ambacho mtu anakisubiri.